Braketi za Silvesta

Vijana wa gereji, mmeniambia niandike kazi yangu kabla sijaanza kusahau. Mimi sisahau. Ningekuwa mtu wa kusahau ningelala vizuri zaidi. Shule niliishia darasa la nne, kwetu Rungwe Mpya, kwa hiyo mkikuta nukta imekaa mahali pa mkato irekebisheni wenyewe, ninyi ndio wenye vyeti. Vyeo na mishahara siandiki. Sijawahi kuona cheo kikifungua bolti iliyoshika kutu.

Nilianza Kasulu, kwenye gereji ya misheni, nikiwa sijui hata jeki inasimama wapi. Siku ya kwanza nilipewa karai la dizeli na vyuma vya giaboksi, nikaambiwa nivioshe. Nikaviosha hadi vikang'aa, kisha nikavianika juani kwa ukubwa, vikubwa huku, vidogo kule, kama mtu anayepanga mihogo sokoni. Fundi mkuu alipokuja alinizaba kofi la kisogo. Vilitakiwa vikae kwa mpangilio ule vilivyotoka. Tuliteseka sana kulirudisha giaboksi lile, na mimi nikajifunza somo ambalo sijalipata kwenye kitabu chochote, maana vitabu sisomi: kila chuma kina jirani yake. Ukikitenga na jirani yake kitakusumbua.

Baada ya hapo nilijifunza kwa macho. Zamani fundi hakufundishi. Anafanya, wewe unashika tochi, ukiuliza anakwambia ushike tochi vizuri. Nilijifunza kuchomelea, kunyoosha bodi, kuchonga kwa tupa. Siku hizi mna grenda, mnakata kwanza halafu mnafikiri. Sisi tulikuwa na tupa, na tupa inakupa muda wa kufikiri kama unachokata kinastahili kukatwa.

Mwaka wa tisini na tatu Burundi ikawaka, watu wakavuka mpaka na vitanda vichwani. Kibondo ikajaa. Baada ya watu yakaja magari meupe, mengi, hata kuku wa mjini wakaanza kuangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka. Shirika moja lililokuwa likihudumia wagonjwa wa kambini na vijijini lilifungua gereji pale mjini. Jina lake siandiki. Nikapanda lori la mahindi kutoka Kasulu na sanduku langu la spana, nikapata kazi.

Hapo ndipo nilipomkuta Silvesta. Alikuwa Mrundi, mkimbizi, mtu mzima kunizidi mimi, mfupi, kifua kama pipa, na mwenye maringo. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani naandika habari za mtakatifu. Silvesta alijisifu asubuhi, akajisifu mchana. Spana aliita kle, bolti aliita bulo, na kila fundi aliyezaliwa upande huu wa mpaka alimwita mwanafunzi. Alikuja na nyundo moja kutoka kwao, mpini wake aliuchonga mwenyewe njiani wakati wenzake wanatafuta maji. Hakumwazima mtu.

Lakini mkono ule! Alikuwa akiweka kiganja juu ya chasisi, injini inanguruma, anafumba macho, anakwambia bolti ipi imelegea. Nilidhani ni uongo hadi nilipoingia chini na spana.

Jambo moja kuhusu yeye lilijulikana na kila mtu pale. Wakimbizi walitakiwa kukaa kambini. Silvesta aliishi mjini, kwenye chumba nyuma ya gereji, kwa sababu tu gereji ilisema inamhitaji. Siku gereji itakaposema haimhitaji, anarudi kambini Mtendeli kwenye turubai na foleni ya mahindi. Alisema hivi: "Lazaro, hapa mimi ni fundi. Kule mimi ni kichwa cha kuhesabiwa." Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwa mkuu wetu wa usafiri, Bwana Mkude, mtu wa Morogoro aliyeletwa na kazi, mwenye suruali yenye mkunjo uliokata kama wembe. Mkude hakuwa mkatili. Alikuwa mwoga wa wakubwa wake, na mwoga ana madhara kuliko mkatili, kwa sababu mkatili anachoka.

Sasa stepu.

Magari yetu yalikuwa yale marefu ya porini tunayoyaita hadtopu. Ni marefu kwenda juu pia. Mgonjwa kijana anapanda. Bibi wa miaka mingi mwenye goti bovu hapandi, anapandishwa, mmoja anavuta mikono, mwingine anasukuma makalio, na bibi analia kwa aibu kuliko kwa ugonjwa. Mkubwa mmoja wa shirika aliliona hilo, akaenda kuagiza stepu za pembeni, zile za kufungwa chini ya milango. Nia ilikuwa njema. Zikaja ndani ya maboksi, mabomba mazuri yanang'aa, na karatasi yenye picha za mtu mwenye glovu nyeupe anafunga stepu huku anatabasamu. Silvesta aliitazama ile picha muda mrefu. "Huyu hajafunga kitu," akasema. "Fundi anayefunga hacheki."

Tukazijaribu. Kwanza, zilikuwa zimetengenezwa kwa gari fupi, sisi tuna refu. Pili, braketi ya mbele upande mmoja ilikuja kukaa pale pale inapopita bomba la ekzosi, maana gari walilopimia ekzosi yake ilipita upande mwingine. Braketi ya nyuma iligonga kikombe cha springi. Matundu ya chasisi yalikuwa ya milimita, bolti walizoleta za inchi; zinaingia raundi mbili zinakwama, na mpumbavu anayelazimisha anaua uzi wa ndani. Katika kila upande matundu mawili tu ndiyo yaliyokubaliana na braketi, na yenyewe yalikuwa ya kwenye bati la bodi, si ya chasisi. Bati la bodi ni la kuzuia vumbi. Halikuumbwa kubeba mtu.

Mimi nilisema tuchomelee. Silvesta akanikatalia. "Ukichoma chasisi ya gari inayokwenda kijijini Kasanda kila wiki, umeichorea mstari wa kuvunjikia." Nikabisha, maana kuchomelea ndiyo kazi yangu. Tukabishana hadi Mama Zenobia, mama lishe wa getini, akatuletea chai bila kuombwa ili tunyamaze.

Mwisho tukafanya yake. Alichukua majani ya springi kuukuu, tukayapasha kwenye mkaa hadi yakaiva, tukayazika kwenye majivu yapoe polepole, maana chuma cha springi kikipoa ghafla kinakuwa kigumu na hakitoboki. Tukayatoboa, tukayakunja, yakawa braketi. Badala ya kutegemea matundu, braketi ikaikumbatia chasisi kwa yuubolti, zile bolti zilizopinda kama herufi U, na kati ya chuma na chuma tukaweka kipande cha mpira wa tairi kilichochongwa chembamba, ili braketi isiteleze wala isile rangi ya chasisi ikaanza kutu. Nati mbili kila mguu, moja inailinda nyingine. Ekzosi tukaipisha kwa braketi yenye kiuno. Stepu tukaipandisha kidogo isigonge matuta ya katikati ya njia, na tukaacha nafasi ya jeki.

Ilipokwisha, Silvesta akatoka nje akarudi na Mama Zenobia na wenzake wawili wanaouza ndizi, wanawake wenye miili.

"Pandeni wote juu ya stepu."

"Weh, mzee, si tutavunja gari la watu?"

"Ndiyo ninachotaka kujua. Haya, sasa nisalimieni."

"Tukusalimie vipi na tumeshinda na wewe?"

"Salimieni kama mnaondoka na hamjui kama mtarudi."

Wakaanza, Mwakeye, mwakeye, salamu yetu ya Kiha, mmoja mmoja, wanainama, wanapiga vikofi, wanashikana mikono, wanacheka, na stepu haikutikisika. Mafundi wote walikufa kwa kicheko. Mkude alitoka ofisini akauliza hii ni ngoma ya nini juu ya mali ya shirika.

Silvesta akamweleza, na hapa nataka msikie vizuri. "Bwana, huyu aliyetengeneza stepu alimfikiria mtu anayepita. Anaweka mguu, hop, yuko ndani. Bibi zetu hawapandi gari hivyo. Wanakanyaga, wanageuka, wanaaga. Wanaaga ukoo wote. Na anayeagwa naye anakanyaga ili amshike mkono. Stepu ya huku si ngazi. Ni baraza."

Mimi ni Muha, nilijua anasema kweli. Muha hapiti mtu bila kusalimia, na salamu yetu haifanywi kwa haraka. Mkude akasema, "Stepu ni ya kukanyaga tu," akarudi ndani.

Kazi yetu ilikuwa ya polepole. Majani ya springi yanataka kuiva, majivu yanataka kusubiriwa. Tukawa tumemaliza gari moja tu Mkude alipotangaza kwamba wageni wa makao makuu wanakuja, na wangependa kwenda kijijini kuona wazee wakipanda kwa heshima. Alitaka gari la wagonjwa nalo liwe na stepu kabla hawajafika.

"Haiwezekani," Silvesta akasema.

"Boksi lina kila kitu. Fungeni kilichomo ndani ya boksi."

"Kilichomo ndani ya boksi funga kwenye picha yako. Mimi kwenye gari sifungi."

Alilisema hilo mbele ya watu. Ndiyo maana nikasema ana maringo. Mkude akanigeukia mimi, nami nikamwambia sifungi kwenye bati. Basi akamwita Edga.

Edga hakuwa fundi mbaya, ndiyo maana inauma. Alitoka kwao Morogoro pamoja na Mkude, mkono wake mwepesi, akili yake nyepesi, na shingo yake nyepesi kuliko vyote, inainama upande wowote. Alifunga stepu kwa yale matundu mawili ya bodi. Braketi ya nyuma haikufika kwenye tundu lolote, akaikaza kwa waya na kuipaka rangi nyeusi. Ukitazama umesimama, ilipendeza kuliko yetu. Silvesta alipita, akaweka kiganja, akaondoa. "Edga, wewe umefunga pambo." Edga akasema yeye ameamriwa.

Siku ya wageni msafara ulikwenda Kasanda. Silvesta hakuruhusiwa kutoka mjini, nikachukuliwa mimi na sanduku la vifaa. Kabla ya kuondoka nilimwambia dereva wa gari la wagonjwa, Ramadhani wa Ujiji, awapandishe watu kwa mlango wa nyuma. Akakubali. Kumbe nyuma walishajaza makatoni ya wageni, maji yao na vitu vyao vya kula.

Bibi aliyetakiwa kupanda aliitwa Anastazia. Alikuwa anakwenda hospitali kutazamwa macho. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Kijiji kizima kilisimama. Wageni walikuwa upande wa pili na kamera zao. Bibi akakanyaga stepu, akaona haya mambo ni mepesi, akatabasamu, na badala ya kuingia akageuka. Akaanza kuaga.

Nilisogea. "Shikamoo bibi. Ingia ndani, utawaagia dirishani."

Shemeji yake mmoja akanivuta shati. "Wewe ni wa wapi? Mtu mzima anaaga, unamkimbiza kama mbuzi?"

"Stepu hiyo haina nguvu."

"Haina nguvu na ni mpya?"

"Bibi, tafadhali, shuka kidogo."

"Mwacheni fundi," bibi akasema kwa upole, "ana haraka ya mjini," watu wakacheka, na binti yake mkubwa akakanyaga naye kumshika mkono, mtoto mgongoni. Kisha dada yake bibi, mzee kama yeye, akapanda ncha ya nyuma ili wafikiane kichwa kwa kichwa. Hakuna Muha atakayemshusha bibi katikati ya salamu yake ya kuaga. Nilimshika kiwiko mimi mwenyewe, wakauondoa mkono wangu.

Waya ukakatika kwanza. Bati likachanika kama karatasi ya sukari. Binti alianguka juu ya magoti akamwokoa mtoto. Dada alianguka kwenye majani. Bibi Anastazia alianguka juu ya lile bomba linalong'aa, kwa ubavu, na nilisikia nyonga. Mtu aliyewahi kusikia chuma kikivunjika anajua kutofautisha. Mfupa una sauti fupi zaidi.

Tulimlaza juu ya makatoni ya wageni tukampeleka Kibondo. Nyonga haikuungana vizuri. Hakutembea tena bila kushikwa, na yale macho hayakutazamwa hadi baadaye sana.

Kesho yake asubuhi Mkude alitukusanya mbele ya karakana.

"Nani alifunga stepu ya gari la wagonjwa?"

Edga alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, mikono iliyokuwa misafi.

"Edga," nikasema.

"Sikukuuliza wewe, Lazaro."

"Umetuuliza sote. Edga ndiye aliyefunga, na wewe ndiye uliyemwamuru."

"Habari za stepu hapa kila mtu anajua ni za Silvesta. Si yeye aliyekuwa anapandisha wanawake juu ya magari wacheze?"

Nikamgeukia Ramadhani. Alimwona Edga akiukaza ule waya, alikuwa amekaa ndani ya gari anasikiliza redio. "Ramadhani, sema."

Ramadhani akatazama viatu vyake. "Mimi ni dereva, kaka. Nakabidhiwa gari. Sikabidhiwi fundi."

Nikawatazama wengine, mmoja mmoja. Walikuwa watu wazuri, tumekula ugali sahani moja. Walichokuwa wanafikiri nilikisoma bila shule: sisi tuna kazi ya kupoteza, huyu ni mkimbizi, ataondoka siku moja hata hivyo. Edga hakusema kwamba ni Silvesta. Kwa haki yake naandika hilo. Hakusema neno lolote, na neno hilo lilitosha.

Nikaanza kupaza sauti, na Silvesta akanishika bega. "Acha, mwana wa mama. Mimi nimefukuzwa na watu wenye bunduki. Huyu ana kalamu tu."

Akafukuzwa, akapewa nafasi ya kukusanya nguo zake. Getini mlinzi alimpekua, akakuta nyundo. Akasema vifaa vyote ni vya shirika. Nikamwambia mlinzi nyundo ile imevuka mpaka kwa miguu, shirika lilikuwa bado halijui Kibondo iko wapi. Mlinzi akamtazama Mkude, Mkude akatazama saa. Nyundo ikabaki. Mama Zenobia peke yake ndiye aliyelia, kwa sauti, kama msibani, akamtukana Mkude kwa Kiha matusi ambayo mimi nayajua na Mkude hayajui, na hiyo ndiyo haki pekee iliyotendeka siku ile.

Mimi nilibaki kazini. Nilikuwa na watoto, na simwombi mtu radhi kwa kulisha watoto wangu. Lakini kuanzia siku ile nilifunga mdomo. Mnaoniita mzee asiyecheka, sasa mmejua nilikuwa nacheka hadi lini.

Wageni walipoondoka makao makuu yaliagiza stepu zote zifungwe upya na kwa nguvu. Edga akalipandisha jeki lile gari letu la kwanza, akafungua braketi moja ya Silvesta, akaipima, akaichora chini kwa chaki, akaanza kuzitengeneza. Majani ya springi, mkaa, majivu, yuubolti. Nimeshasema ana akili nyepesi. Alizitengeneza vizuri. Magari yote yakafungwa, na hakuna bibi aliyeanguka tena.

Nilikwenda Mtendeli kumwambia Silvesta. Nilimkuta nje ya turubai lake ananyoosha rimu ya baiskeli kwa jiwe. Watu walikuwa wamepanga baiskeli zao hadi njiani, na bado alikuwa anamwambia kila mmoja kwamba hajui kuendesha. Nikampa nyundo yangu. Akaipima mkononi. "Nyepesi," akasema, lakini akaichukua.

Nikamweleza yote. Kwamba Edga ameiba kazi yake, kwamba Mkude anamsifu mbele ya wageni, kwamba kule mjini jina lake halitajwi tena. Nilitaka akasirike. Nilikuja na hasira ya watu wawili na nilikuwa nimechoka kuibeba peke yangu. Alisikiliza huku anazungusha rimu, anaitazama inavyoyumba.

"Ameweka mpira?" akauliza.

"Mpira gani?"

"Kati ya braketi na chasisi."

"Ameweka."

"Na nati mbili?"

"Mbili."

"Ego, ndiyo. Basi hawataanguka," akasema, akarudi kwenye rimu yake.

Miaka michache baadaye lori lilimchukua pamoja na wengine kwenda kwao, na sikusikia habari zake tena. Shirika nalo likafunga virago, gereji ikahamia Kasulu chini ya watu wengine, nami nikaifuata, na Edga akawa msimamizi, yule mnayemwita Mwalimu. Na kile chuma mnachokifunga mpaka leo kila linapoletwa gari la porini, mnakiita braketi ya Edga. Silvesta aliridhika na mpira na nati mbili. Mimi si Silvesta. Siku ile mliyoniaga nilipostaafu, Edga alipoinua moja mezani na kueleza jinsi alivyoivumbua kule Kibondo, ukumbi mzima mlipiga makofi, na mimi nilikaa na mikono mapajani. Mmoja wenu aliniuliza kwa huruma kama mikono inaniuma kwa sababu ya umri. Mikono yangu ni mizima.